Adhabu ya Kufukuzwa Kazi Iishie Wapi?

Mfanyakazi akifukuzwa kwa kuvunja kanuni za kazi hupoteza vitu viwili kwa mpigo: mshahara na jina. Mshahara una hesabu yake. Jina ndilo linalosumbua zaidi, kwa sababu kila anapopeleka maombi ya kazi hukutana na swali lilelile: pale ulikotoka, uliondokaje? Wengi hubabaika hapo. Wapo wanaodanganya, wapo wanaojieleza mpaka wakajiharibia, na wapo wanaokata tamaa na kuacha kabisa fani waliyoisomea na kuifanya kwa miaka.

Hoja yangu ni kwamba kufukuzwa ni adhabu, na kila adhabu ya haki ina mpaka. Sheria za Tanzania na Kenya zimeuchora mpaka huo wazi kuliko watu wanavyodhani. Anayeujua hujitetea kwa wakati, hudai karatasi zake na kuzungumza kwenye usaili bila kutetemeka. Asiyeujua hujiongezea adhabu mwenyewe, na mwajiri asiyeujua humwongezea nyingine juu yake.

Makosa hayafanani

Tuseme yadi moja ya malori Dar es Salaam imewaachisha kazi madereva wawili katika mwezi mmoja. Wa kwanza alipakia watu wawili Makambako na kuwashusha Igawa, ilhali kanuni za kampuni zinakataza mtu asiye mfanyakazi kupanda gari. Wa pili alinyonya dizeli kwenye tangi na kuiuza njiani. Barua zao zinaweza kubeba maneno yaleyale: "utovu wa nidhamu". Lakini kwa mwajiri ajaye hawa ni watu wawili tofauti kabisa, na kila mmoja ana safari yake ya kurudi kazini.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya aliyefukuzwa ni kujiuliza amevunja kanuni ya aina gani. Kanuni za Utendaji Bora za Tanzania, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinataja makosa mazito yanayoweza kuhalalisha kuachishwa kazi: udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, uzembe mkubwa, kumshambulia mfanyakazi mwenzako, mteja au mtu anayehusiana na mwajiri, na ukaidi mkubwa. Kenya nayo, katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inataja makosa kama kutofika kazini bila ruhusa, kulewa kiasi cha kushindwa kazi, kutumia lugha ya matusi na kukataa agizo halali.

Kwa mtafuta kazi, orodha hizi hugawanyika katika mafungu manne, na kila fungu lina hofu yake kwa mwajiri mpya. Aliyefukuzwa kwa mahudhurio huogopwa kwamba hatafika. Aliyefukuzwa kwa ukaidi au ugomvi huogopwa kwamba atavuruga wenzake. Aliyevunja kanuni za usalama huogopwa kwamba ataua mtu, na ndiyo sababu kwenye migodi, ambako pombe hupimwa getini, kosa la aina hiyo halina msalia mtume. Aliyefukuzwa kwa wizi au udanganyifu ndiye mwenye mlima mrefu zaidi, kwa kuwa kilichovunjika kwake ni imani, na imani hairudishwi kwa kozi ya wiki mbili. Mtafuta kazi anayejua hofu ipi inamsubiri hujiandaa kuijibu hiyo, badala ya kujitetea kwa mambo ambayo hakuna aliyemuuliza.

Katika fani zenye usajili kuna tofauti nyingine inayosahaulika. Mwalimu, muuguzi au mwanasheria aliyefukuzwa na mwajiri mmoja hajafutwa kwenye daftari la fani yake mpaka chombo husika kiamue hivyo. Nchini Kenya, Tume ya Huduma za Walimu ikimwondoa mwalimu kwenye daftari, hawezi kufundisha shule ya umma wala ya binafsi. Lakini mwalimu ambaye bado ana namba yake, hata kama shule moja imemwachisha, bado ni mwalimu.

Vilevile, kikao cha nidhamu si mahakama ya jinai. Kuachishwa kazi kwa tuhuma ya wizi si kutiwa hatiani kwa wizi. Kama hakuna kesi wala hukumu, aliyeachishwa hana sababu ya kujitangaza mhalifu, na cheti cha tabia njema kinachotolewa na polisi hakimhukumu kwa barua ya mwajiri.

Siku 30 zinazoamua mengi

Kibarua kikishaota nyasi, watu wengi hurudi nyumbani, hujifungia wiki mbili au tatu kwa aibu, halafu ndipo huanza kuuliza haki zao. Muda huo ni ghali mno. Kwa Tanzania Bara, mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, kwa kujaza Fomu Na. 1. Ukichelewa, unalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa ushahidi kilichokuchelewesha. Kenya inatoa nafasi pana zaidi: miaka 3 ya kufungua shauri Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 2005, na mtumishi wa umma wa Tanzania Bara anatakiwa kumaliza kwanza ngazi za rufaa za utumishi wa umma kabla ya kushika njia ya sheria za kazi.

Je, aliyevunja kanuni kweli ana la kudai? Analo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inataka mambo mawili yawepo pamoja: sababu halali na utaratibu wa haki. Mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha yote mawili. Sababu hupimwa kwa maswali mepesi kuelewa. Kanuni ilikuwepo? Ilikuwa ya busara na wazi? Mfanyakazi aliijua? Imekuwa ikitumika kwa wote, au ilifufuliwa siku ile kwa ajili yake? Na kufukuza kulilingana na kosa? Kosa la mara ya kwanza, kwa kawaida, halitoshi kumfukuza mtu, isipokuwa ni zito kiasi kwamba uhusiano wa kazi hauvumiliki tena. Wahenga walikwishasema kosa moja haliachi mke, na waandishi wa kanuni hizi hawakuwa mbali na mawazo yao.

Utaratibu nao una vipimo. Mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, aruhusiwe kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake wa kazini, asikilizwe, aruhusiwe kuomba apunguziwe adhabu, kisha apewe uamuzi wenye sababu. Kifungu cha 41 cha sheria ya Kenya nacho kinadai maelezo kwa lugha inayoeleweka, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama. Kwa hiyo dereva wetu wa kwanza, aliyeitwa ofisini saa 3 asubuhi na kukabidhiwa barua saa 4, ana hoja hata kama anakiri kwamba watu wale aliwapakia. Angalizo moja: sehemu hii ya sheria ya Tanzania haimlindi mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo.

Stahiki nazo zina mpaka wake. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka aliotumikia. Lakini mshahara wa siku alizofanya kazi ni wake, na malipo ya likizo aliyostahili ni yake. Michango yake kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, haifukuzwi pamoja naye. Inabaki kwa jina lake na namba yake, naye ataendelea nayo kwa mwajiri mwingine.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi kabla barua haijaandikwa. Bosi anamwita mfanyakazi kando na kumwambia, "Andika barua ya kuacha kazi, tusikuharibie jina." Wakati mwingine ni wema wa kweli, na wasifu usio na neno "kufukuzwa" una thamani yake. Lakini gharama yake ijulikane kabla ya kusaini: aliyejiuzulu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kulalamika, labda athibitishe kwamba alilazimishwa, na anaweza pia kukosa fao la NSSF la kupoteza ajira, ambalo halikuwekwa kwa ajili ya anayeacha kazi kwa hiari. Anayeombwa kujiuzulu anayo haki ya kusema, "Naomba siku mbili nifikirie," kisha akazitumia kumwona mtu wa chama au wakili.

Na kwa anayefika CMA, shauri huanza kwa usuluhishi. Watu wengi wakifika hapo hupigania fedha tu, ilhali kwa anayetafuta kazi nyingine kuna kitu ambacho huenda kikamfaa zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja: makubaliano ya maandishi kuhusu kile ambacho mwajiri atasema akiulizwa. Sentensi moja ya kwamba mwajiri atathibitisha cheo na tarehe za kazi bila kuongeza neno inaweza kuingizwa kwenye hati ya makubaliano, na pande zote mbili zikishasaini, zimefungwa nayo. Mwajiri anayesitasita kulipa mara nyingi hukubali hili, kwa kuwa halimgharimu shilingi.

Cheti cha utumishi na tamaa ya kughushi

Karatasi ambayo wengi hawaidai ni cheti cha utumishi. Sheria ya Tanzania inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti hicho ajira inapokoma, na haisemi kwamba aliyefukuzwa anyimwe. Kenya imekwenda mbali zaidi katika kifungu cha 51: kila aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi anastahili cheti chenye majina ya pande mbili, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali pake, na tarehe ya kumaliza. Mwajiri anayekataa kwa makusudi anatenda kosa, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi 100,000 za Kenya, kifungo cha miezi 6, au vyote viwili.

Cheti hiki kinasema mtu alifanya kazi gani na kwa muda gani. Sheria ya Kenya inaeleza kabisa kwamba mwajiri halazimiki kuandika lolote kuhusu tabia au utendaji wa mfanyakazi. Cheti na barua ya sifa ni vitu viwili. Barua ya sifa ni hiari ya mwajiri, lakini cheti ni haki ya mfanyakazi. Dereva aliyeendesha malori kwa miaka 6 asiende kwenye usaili mikono mitupu kana kwamba miaka ile haikuwepo, eti kwa kuwa wiki ya mwisho ilikuwa mbaya. Akusanye cheti, mikataba, vyeti vya mafunzo na taarifa ya michango ya NSSF, na zote aziweke katika bahasha moja.

Ni hapa pia ndipo tamaa ya kughushi hutokea. Mtu anabadilisha tarehe, anamwomba rafiki mwenye duka aandike barua ya uongo ya "alikuwa kwangu", au anamfuta kabisa mwajiri aliyemfukuza na kumrefusha mwajiri mwingine. Tanzania imeshaona mwisho wa njia hiyo kwa kiwango cha taifa. Aprili 2017, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyoonyesha watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao waliondolewa kazini, wakiwemo waliokwisha kutumikia kwa miaka mingi. Kazi iliyojengwa juu ya karatasi ya uongo haina siku inayokuwa salama. Kosa la kupakia abiria linaweza kusamehewa, na kadiri miaka inavyopita huwa dogo. Uongo wa kulificha humhamisha dereva yule kutoka fungu la waliovunja kanuni hadi fungu la wadanganyifu, ambalo ndilo gumu kuliko yote.

Kulisema kosa

Wasifu hauhitaji kueleza sababu ya kuondoka. Huandikwa mwajiri, cheo, miaka na kazi zilizofanyika. Barua ya maombi nayo si mahali pa kuungama. Lakini fomu ikiuliza moja kwa moja, "Umewahi kuachishwa kazi?", jibu ni ndiyo, likifuatwa na maneno machache: "nitafurahi kueleza kwenye usaili." Na kwenye usaili swali litakuja. Turudi kwa dereva wa kwanza, ameketi mbele ya meneja wa usafirishaji.

"Pale uliacha mwenyewe?"

"Hapana, mzee. Niliachishwa. Nilipakia watu wawili Makambako, na kanuni ilikataza, na mimi nilikuwa nimeisaini. Nilijua, nikafanya. Sikupata ajali wala sikupoteza mzigo, lakini ningepata, kampuni ndiyo ingejibu. Tangu hapo sijampandisha mtu asiyehusika, hata kwenye gari la shemeji yangu ninaloendesha sasa. Simu yake hii hapa, unaweza kumuuliza."

Jibu hili halichukui dakika moja, na limebeba mambo manne: kosa limetajwa kwa jina lake, halijasukumiwa mtu mwingine, madhara yake kwa mwajiri yameeleweka, na kuna mtu anayeweza kuthibitisha mabadiliko. Halijaomba huruma wala kuwasema vibaya mabosi wa zamani. Ukweli unaweza kuwa kwamba wale mabosi walikuwa wakali, au madereva wote walipakia abiria na ni yeye tu aliyeshikwa. Hoja hiyo ni nzito mbele ya CMA, kwa sababu kanuni lazima itumike kwa wote. Kwenye usaili haimsaidii, maana meneja husikia tu mtu anayelalamika.

Dereva wa pili ana kazi kubwa zaidi, naye hawezi kuazima maneno ya mwenzake. Kwake maneno ni ya mwisho, na vitendo hutangulia: amelipa alichochukua au la, ameomba kazi isiyomkabidhi mafuta wala fedha au bado anang'ang'ania ileile, na amepata mtu wa kumdhamini anayelijua kosa lake zima. Mdhamini asiyejua kilichotokea ni hatari, kwa kuwa siku akiambiwa ataona naye amedanganywa, na atakana.

Kuhusu wadhamini kwa jumla, si lazima awe afisa utumishi aliyesaini barua ya kufukuza. Msimamizi wa zamu, fundi mkuu, mteja wa muda mrefu au bosi wa kazi iliyotangulia anaweza kueleza uwezo wa mtu kwa macho yake. Kinachotakiwa ni kuwaomba kabla ya kuandika majina yao, na kuwaambia ukweli wote.

Mahali pa kuanzia

Wengi hukosea kwa kupiga hodi kwanza kwenye kampuni kubwa zinazoshindana na ile iliyowafukuza. Huko fomu ni ndefu, ukaguzi ni mkali na watu wanajuana. Njia inayofunguka mapema mara nyingi ni ya kampuni ndogo, kazi ya kushika nafasi ya mtu kwa muda, mkataba wa muda maalumu au kibarua cha msimu, ambako mwenye kampuni mwenyewe humsikiliza mtu na kuamua. Mshahara utapungua. Lakini mwaka mmoja wa kazi safi hugeuza maelezo yote. Swali halitakuwa tena nini kilitokea pale, kwa sababu kuna mwajiri wa sasa wa kuulizwa.

Mafunzo husaidia pale yanapoligusa kosa lenyewe. Dereva aliyefukuzwa kwa kuvunja kanuni za usalama akirudi darasani Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au chuo cha ufundi cha VETA ana cheti kinachojibu hofu ya mwajiri. Cheti cha kompyuta kwa mtu aliyefukuzwa kwa kupigana hakijibu chochote. Aliyefukuzwa kwa pombe atafute kwanza msaada wa kuiacha, kwa sababu kazi mpya haiponyi ulevi, na ni vigumu zaidi kueleza kufukuzwa mara ya pili kwa sababu ileile.

Na akishapata kazi, akumbuke kwamba anaanza upya. Yale maswali ya sababu na utaratibu hayatamlinda sawasawa katika miezi 6 ya mwanzo. Siku ya kwanza aombe kanuni za kazi kwa maandishi, azisome, na pale asipoelewa aulize. Wengi waliofukuzwa walisaini vitabu vya kanuni ambavyo hawakuvifungua.

Waajiri nao wana deni

Hadi hapa nimezungumza na aliyefukuzwa. Lakini nusu ya tatizo iko upande wa pili wa meza. Kuna desturi ya afisa mmoja kumpigia mwenzake wa kampuni nyingine: "Yule jamaa vipi?" Jibu linakuja kwa sentensi moja, "Achana naye," na maombi yanatupwa kapuni. Hakuna aliyeuliza kosa lilikuwa lipi, lilitokea lini, au kama CMA iliamua baadaye kwamba mtu yule alifukuzwa isivyo halali. Kenya imekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote zinampa mtu haki juu ya taarifa zinazomhusu, ikiwemo kujua kilichohifadhiwa na kudai kisahihishwe kikiwa si sahihi. Maneno ya simuni yanayoziba riziki ya mtu yanapaswa kumfikirisha kila afisa utumishi.

Sisemi mwajiri afumbe macho. Benki ina haki ya kumkataa aliyechezea fedha za wateja, na shule ina wajibu wa kumkataa aliyedhuru mtoto. Ninachosema ni kwamba mwajiri mwenye haki huuliza maswali matatu: kanuni gani ilivunjwa, inahusianaje na kazi tunayompa, na ni nini kimebadilika tangu hapo. Kwa maswali hayo, dereva aliyepakia abiria atapata kazi, dereva aliyenyonya mafuta atapata kazi ya aina nyingine, na aliyeghushi cheti atabaki nje. Bila maswali hayo wote watatu hutupwa kapu moja, na kampuni humpoteza fundi mwenye uzoefu kwa kosa ambalo lilikwisha kuadhibiwa.

Sheria imeshasema anayevunja kanuni anaweza kupoteza kazi ile, pamoja na kiinua mgongo chake. Haikusema apoteze na fani yake, uzoefu wake na haki ya kulisha watoto wake kwa miaka yote iliyobaki. Adhabu hiyo ya ziada hutolewa na watu, kwa uvivu wa kuuliza upande mmoja na kwa woga wa kusema ukweli upande wa pili. Kwa kuwa ni watu wanaoitoa, watu wanaweza kuiondoa: mfanyakazi kwa kudai cheti chake na kulitaja kosa lake kwa jina, na mwajiri kwa kumsikiliza mpaka mwisho kabla ya kuamua.